Mita Kwanza, Nyundo Baadaye: Mhadhara juu ya Maji Yanayovuja Ndani ya Nyumba za Tabora

Mji wa Tabora haukujengwa kando ya mto wala ziwa. Umekaa juu ya uwanda wa kati wa nchi yetu, takribani mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo mvua hunyesha kwa msimu mmoja, kati ya Novemba na Aprili, kisha ukame hushika miezi inayobaki. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walipoingia Kaze, yaani Tabora ya wakati ule, mnamo Novemba 1857, walikuwa wametoka kuvuka Mgunda Mkali, ile nyika iliyotenganisha Ugogo na Unyanyembe, ambayo wapagazi waliiogopa kwa sababu ya mwendo mrefu kati ya dimbwi moja na jingine. Huko Ugogo misafara ililipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi, na aliyegoma kulipa alijua kwamba visima vya nchi ile vitafungwa mbele yake. Kwa hiyo katika njia hii ya kale, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, maji yalikwenda kwa hesabu. Kibuyu kilichopata ufa hakikuweza kujificha, kwa kuwa maji yaliyokuwamo yalikuwa na mwisho, na aliyekibeba aliona yakipungua. Bomba ni tofauti. Maji yanayotoka upande mmoja hujazwa mara moja kutoka upande mwingine, na hapo ndipo ugumu wote wa jambo ninalotaka kulizungumzia unapoanzia: bomba linaweza kuvuja miaka mitatu ndani ya ukuta bila mwenye nyumba kupungukiwa hata kikombe kimoja. Atakachopungukiwa ni fedha, na baadaye ukuta. Hoja yangu ni kwamba uvujaji wa namna hii hautafutwi kwa macho wala kwa nyundo. Hutafutwa kwa kipimo, na kipimo hicho kila mwenye mita ya maji tayari anacho mlangoni pake.

Kwa miongo mingi swali hili halikuwa na uzito mkubwa hapa kwetu, kwa sababu maji yenyewe yalikuwa ya kusubiri. Mji ulitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima, na bwawa likipungua kiangazi, mgao uliongezeka. Nyumba iliyopata maji kwa saa chache tu ilivuja kwa saa hizo chache, tena kwa presha ndogo. Hali imebadilika tangu maji ya Ziwa Victoria yalipofikishwa Nzega, Igunga na Tabora kwa mradi uliojengwa kwa mkopo wa India unaozidi dola milioni 260 za Marekani. Maji hayo huchukuliwa Ihelele, wilayani Misungwi, husafishwa hukohuko, kisha husukumwa kwa pampu hadi kwenye tanki kubwa lililoko mlimani, ndipo yanaanza safari ya kusini. Uso wa ziwa uko mita 1,130 hivi kutoka usawa wa bahari, chini ya Tabora. Maana yake ni kwamba kila lita inayofika mitaa ya Kanyenye au Isevya hapa mjini imepandishwa kwa umeme, imetiwa dawa, na imesafiri zaidi ya kilomita 200. Jambo la pili, ambalo wengi hawakulitarajia, ni presha. Bomba la zamani lililozoea maji dhaifu ya mgao sasa linabeba maji yenye nguvu kwa saa nyingi zaidi. Tundu katika bomba la chuma, presha ikiongezeka mara mbili, hutoa maji karibu mara moja na nusu ya yale ya mwanzo. Mpasuko katika bomba la plastiki ni mbaya zaidi, kwa sababu mdomo wake hutanuka presha inapopanda, na maji yanayopotea yanaweza kuongezeka mara mbili au hata kupita hapo. Nyumba ile ile, yenye mabomba yale yale, inaweza kuanza kuvuja vibaya katika mwaka ule ule ambao huduma imeboreshwa, na mwenye nyumba akaamini kwamba ni bei iliyopandishwa kwa siri.

Tuingie kwenye hesabu, kwa sababu bila hesabu jambo hili hubaki malalamiko. Tone la maji linalodondoka kwenye koki iliyochakaa lina ujazo wa karibu robo ya mililita. Likidondoka moja kila sekunde, kwa siku ni matone 86,400, yaani zaidi ya lita 21, ndoo nzima ya lita 20 na ziada. Hilo ni kero, lakini halimfilisi mtu. Sasa chukua tundu lenye upana wa milimita moja tu, ukubwa wa ncha ya msumari mdogo, kwenye bomba lenye presha inayoweza kuinua maji mita 30. Litatoa lita 40 hivi kwa saa, karibu lita 1,000 kwa siku, na uniti 30 kwa mwezi, uniti moja ikiwa lita 1,000. Familia ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 60 kwa siku, inatumia uniti 9 kwa mwezi. Tundu lile moja linakunywa zaidi ya mara tatu ya familia nzima, wala halilali. Ndiyo maana nasema macho hayafai kuwa mwamuzi. Jicho linashughulika na tone la jikoni kwa kuwa linaonekana na kusikika, huku tundu la ukutani, lenye hasara mara 45 zaidi, likiwa limefunikwa na lipu na rangi.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Mita nyingi za majumbani zina tarakimu nyeusi zinazohesabu uniti na nyekundu zinazohesabu sehemu zake hadi lita, pamoja na kigurudumu kidogo kinachozunguka hata maji yanapopita kidogo. Familia ifunge kila koki saa 4 usiku, iandike namba zote, nyeusi na nyekundu, kisha isome tena saa 11 alfajiri kabla mtu hajaoga wala kupika. Tundu la milimita moja litakuwa limeandika lita 280, ndoo 14, katika saa ambazo hakuna aliyegusa maji. Kuna mambo mawili ya kuzingatia, na mafundi wengi huyaruka. La kwanza ni tanki la juu. Ikiwa nyumba ina tanki, mita itazunguka usiku kwa sababu tanki linajaa, na mtu atadhani amepata uvujaji. Koki ya kuingilia tanki ifungwe kwanza, au tanki liachwe lijae kabisa kabla ya kipimo. Kisha tanki lenyewe lipimwe peke yake: ifungwe koki ya kuingizia, ifungwe pia koki ya kutolea kama ipo, iwekwe alama kwenye usawa wa maji, na alama itazamwe alfajiri. La pili ni kwamba mita nayo ina udhaifu wake. Maji yakipita kwa kiasi kidogo mno, kama yale ya koki inayodondosha au boya la tanki lisilofunga vizuri, mita nyingi hazitayahisi. Kwa hiyo mita iliyosimama inaonyesha kwamba hakuna uvujaji mkubwa, basi. Hayo madogo yanatafutwa kwa mkono, na la kwanza kukaguliwa liwe choo cha kuvuta maji. Mpira wa ndani ya tanki lake ukichakaa, maji huteleza kwenye sinki la choo kimyakimya mchana na usiku. Rangi ya chakula au wino kidogo ndani ya tanki hilo, kisha kungoja nusu saa bila kuvuta, hutoa jibu: rangi ikionekana chini, mpira haufungi.

Kipimo cha usiku kikionyesha kuwa maji yanapotea, kazi inayofuata ni kujua yanapotelea wapi, na hapo ndipo nyundo nyingi huinuliwa kabla ya wakati. Njia ya akili ni kugawa. Funga koki kuu ya nyumba huku mita ikiwa wazi. Kigurudumu kikiendelea kuzunguka, maji yanapotea uani, kati ya mita na nyumba, na hakuna sababu ya kugusa ukuta wowote. Kikisimama, uvujaji uko ndani. Fungua koki kuu, funga tawi la jikoni. Kisha tawi la bafu. Kisha la chooni. Kila koki inayofungwa inaondoa sehemu nzima ya nyumba katika orodha ya washukiwa, na kwa majaribio machache eneo la kuvunjwa linabaki futi chache. Katika bomba la chuma fundi anaweza hata kusikiliza: fimbo ya chuma ikigusa bomba na ncha yake nyingine ikawa sikioni, maji yanayotoka kwenye tundu dogo hutoa mvumo unaokua kadiri anavyokaribia. Plastiki hufifisha sauti hiyo, hivyo kwa mabomba mengi ya siku hizi sikio halitoshi.

Najua jibu litakalotoka haraka: nyumba nyingi hazina koki za kugawa. Ni kweli, na katika jambo hili lawama inatustahili wote tunaojenga. Tunamlipa fundi bomba kwa haraka ya kuhamia, tunakwepa gharama ya koki tatu au nne, tunaruhusu mabomba yazikwe ndani ya ukuta yakipita mshazari kwa njia fupi, na siku lipu inapopigwa hakuna hata karatasi moja inayoonyesha yalipopita. Miaka kumi baadaye fundi mwingine anaitwa, naye hana la kufanya ila kubahatisha. Anavunja bafu, hakuna kitu. Anavunja jikoni, analitoboa bomba lililokuwa zima. Gharama ya koki nne haikaribii gharama ya vigae vya bafu moja. Kwa nyumba ambayo tayari imejengwa hivyo, pendekezo langu ni kwamba tengenezo la kwanza litumike kuweka angalau koki mbili, moja ikitenganisha uani na ndani, nyingine ikitenganisha bafu na sehemu nyingine. Na fundi apige picha kwa simu kila mfereji kabla haujafukiwa. Siku hizi hiyo ndiyo ramani rahisi kuliko zote, na haina gharama.

Tabora inatupa msaada mmoja ambao watu wa pwani hawana, nao ni kiangazi chetu kirefu. Mwezi Agosti hakuna mvua ya kusingizia. Ukuta wenye unyevu Agosti umepata maji kutoka mahali pengine. Unyevu unaopanda kutoka ardhini kwa kawaida hukaa chini, haupiti sana mita moja, hujipanga ukuta mzima na kuacha chumvi nyeupe. Unyevu wa bomba huwa kama doa, una kitovu, na hautegemei urefu. Majani mabichi katika uwanja uliokauka, au mchwa wanaoshambulia kona moja tu ya nyumba, wanastahili kutiliwa shaka, maana mchwa hufuata unyevu. Lakini dimbwi lisisubiriwe. Udongo wa miinuko yetu, uliotokana na mwamba wa matale, ni wa kichanga, na maji yaliyovujia ndani yake huzama moja kwa moja bila kutokeza juu. Kule bondeni, kwenye udongo mweusi wa mbuga, mambo ni kinyume: udongo huvimba masika na kupasuka kiangazi, ukivuta na kusukuma mabomba hadi maungio yanaachia. Vilevile kuna doa ambalo mita haitalisema kamwe, kwa sababu maji yake yalikwisha kupimwa na kutumika: bomba la majitaka. Doa linalokua baada ya watu kuoga na kukauka nyumba ikiwa tupu ni la majitaka. Linapimwa kwa kuziba tundu la bafu, kumwaga maji yenye rangi sakafuni, kisha kuzibua na kuona rangi inatokea wapi.

Sasa nije kwenye pingamizi, na nianze na lile linalosikika zaidi: kwamba mita zetu zinasoma hewa. Halipaswi kudharauliwa. Maji yanapokatika, mabomba ya mtaani huingia hewa. Yanaporudi, hewa hiyo husukumwa mbele kwa kasi, na mita inaweza kuzungushwa nayo. Mteja aliyewahi kusikia koki yake ikikohoa anajua hivyo. Lakini hewa hupita kwa muda mfupi, wakati wa kurudi kwa maji, halafu huisha. Uvujaji haupumziki. Kipimo cha usiku kinatenganisha mambo haya mawili: kifanyike siku ambayo maji hayakukatika, au baada ya koki kuachwa wazi hadi ikome kukohoa. Mita ikizunguka huku maji yamejaa kwenye bomba na koki zote zimefungwa, hiyo si hewa. Na ikiwa kipimo kinaonyesha kwamba mita haikusogea usiku kucha, lakini inaruka kila maji yanaporudi, basi mteja ana ushahidi wa maandishi wa kupeleka kwenye mamlaka, wenye tarehe na namba. Kipimo hiki hakiwalindi watoa huduma peke yao.

Pingamizi la pili lina hasira ya haki ndani yake: kwa nini mwananchi ahangaike na tundu la milimita moja wakati barabarani bomba kuu limepasuka na maji yanatiririka siku nzima? EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, imeweka asilimia 20 kuwa kikomo cha upotevu wa maji kinachovumilika, na mamlaka nyingi za mikoa bado ziko juu ya kikomo hicho. Hakuna anayeweza kulikanusha hilo. Hata hivyo mifano ya miji iliyofanikiwa haionyeshi kwamba mmoja alimsubiri mwenzake. Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, ulikuwa ukipoteza zaidi ya asilimia 70 ya maji yake mwaka 1993, nchi ikiwa imetoka vitani. Chini ya Ek Sonn Chan, mamlaka ya maji ya mji ule ilifunga mita kila nyumba, ikabadilisha mabomba chakavu, ikaweka vikosi vya matengenezo vya usiku na mchana, na katika kipindi cha miaka kumi na mitano hivi upotevu ukashuka chini ya asilimia 10. Kilichoanza pale ni kuhesabu. Mamlaka isiyojua maji yanayoingia mtaani na yanayotoka haiwezi kujua ipi ni hasara yake na ipi ni ya wateja, na mteja asiyejua matumizi yake ya usiku hawezi kuidai hesabu hiyo. Kwa utaratibu wa mamlaka zetu, bomba lililo baada ya mita ni mali ya mteja na ni jukumu lake. Mpaka huo unampa mzigo, na pia unampa nguvu: aliyethibitisha kwamba upande wake hauvuji ana haki kamili ya kuuliza juu ya upande wa pili.

Wapo wanaosema kwamba maji yanayovuja hayapotei, yanarudi ardhini na yataibukia kisimani kwa jirani. Ningekubali kama maji haya yangekuwa ya mvua. Haya yameinuliwa kwa pampu kutoka ziwani na kutiwa dawa kwa fedha za umma, na kuyarudisha ardhini ni kutupa umeme na dawa. Tena hayazami popote, yanazama chini ya msingi. Nyumba nyingi za mji huu zimejengwa kwa tofali za udongo, nyingine za kuchoma na nyingine mbichi zilizopigwa lipu ya saruji kwa nje. Tofali mbichi iliyolowa kwa muda mrefu hurudi kuwa tope nyuma ya lipu inayoonekana nzima. Na kuna hatari kubwa kuliko zote hizo, ambayo haizungumzwi vya kutosha. Tundu linalotoa maji presha ikiwapo ndilo tundu linaloingiza uchafu presha ikikata. Maji ya mtaani yakikatika ghafla, bomba linaponyonya, chochote kilicho kwenye udongo ulioloa nje yake kinaweza kuvutwa ndani. Katika viwanja vyetu, ambapo shimo la choo na bomba la maji mara nyingi hutenganishwa na hatua chache, familia inaweza kunywa maji yaliyosafishwa vizuri Ihelele na kuchafuliwa mita mbili kabla ya kikombe. Kwa sababu hiyo pekee, hata kama maji yangekuwa bure, uvujaji wa uani ungestahili kuzibwa.

Gumu zaidi ni suala la wapangaji. Nyumba yenye vyumba sita, familia sita na mita moja hugawana bili kwa vichwa au kwa vyumba. Uvujaji ukianza, namba inapanda na kila mmoja anamtazama mwenzake: mwenye watoto wengi, anayefua kila siku, aliyepokea wageni. Mwenye nyumba yuko mbali na bili haimgusi. Hapa sioni njia nyingine isipokuwa kipimo cha usiku kifanyike hadharani, namba zisomwe mbele ya wawakilishi wa vyumba vyote, kisha ugomvi uwe na mpaka ulio wazi: maji yaliyohesabiwa kati ya saa 4 usiku na saa 11 alfajiri, koki zote zikiwa zimefungwa, ni ya nyumba, wala si ya mpangaji yeyote, na mwenye nyumba ndiye anayepaswa kuyalipia hadi atengeneze. Kifungu cha namna hiyo kinaingia katika mkataba wa pango kwa mistari miwili. Maskini ndiye anayefaidika nacho kuliko wote, maana ndiye anayelipia sasa maji ambayo hakuyatumia na ukuta ambao si wake.

Limebaki tengenezo lenyewe. Kufunga bomba kwa mpira wa tairi ni msaada wa saa chache na uitwe hivyo. Bomba la plastiki aina ya PPR halishiki gundi. Huunganishwa kwa kuchomelewa kwa moto, na fundi asiye na mashine hiyo asiruhusiwe kulikata. Kipande cha plastiki chenye nyuzi, kikikazwa kwa nguvu kwenye chuma, hupata ufa usioonekana ambao hufunguka miezi kadhaa baadaye, na huo ni chanzo cha mivujo mingi. Bomba la chuma lililotobolewa na kutu mahali pamoja lina sehemu nyingine zilizokaribia kutoboka. Kuziba tundu moja na kurudisha presha ni kuisogeza hasara nusu mita mbele, kwa hiyo ni nafuu kubadilisha urefu wote. Plastiki iliyoachwa juani hukakamaa na kuvunjika, basi ifukiwe, nusu mita hivi chini pasipopita gari. Na la mwisho ndilo linaloachwa mara nyingi: ukuta usizibwe siku ileile. Fundi ajaze mabomba, afunge koki zote, apandishe presha kwa pampu ya kupimia hadi mara moja na nusu ya ile ya kawaida, na aangalie kama mshale unashuka. Asiye na pampu hiyo aache maungio wazi usiku mmoja yakiwa yamekaushwa kwa kitambaa, asome mita saa 4 na saa 11, na malipo ya mwisho ya fundi yatolewe alfajiri, baada ya namba mbili kulingana.